Anayehitaji nyumba ni kaya, si kichwa

Ndugu Mhariri,

Matokeo ya sensa yakitoka, vichwa vya habari hujaa tarakimu moja tu: idadi ya watu. Haipiti wiki kabla wanasiasa hawajailinganisha na idadi ya nyumba zilizopo, wakapata "pengo la makazi" na kuahidi nyumba laki kadhaa. Hesabu hiyo inaeleweka upesi, na nadhani ndiyo sababu inapendwa. Lakini watu hawaingii kwenye nyumba mmoja mmoja kwa mgawo. Wanaingia kama kaya, na kaya zina mwendo wake.

Tazama Kenya. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu waliongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, sawa na asilimia 23 hivi. Katika muda huohuo kaya zilitoka milioni 8.8 hadi milioni 12.1, ongezeko la asilimia 38. Aliyepanga nyumba kwa kufuata ongezeko la watu peke yake aliachwa mbali. Wala hakuna fumbo hapo: uzazi unapungua, vijana wanaondoka kwa wazazi kufuata kazi, ndoa zinachelewa, na zinazovunjika hugeuza kaya moja kuwa mbili bila hata mtoto mmoja kuzaliwa.

Japani ndiyo inayonishangaza zaidi. Kati ya 2010 na 2020 watu wake walipungua kwa takriban milioni 2, ilhali kaya ziliongezeka kwa karibu milioni 4, kwa sababu wanaoishi peke yao wamezidi kuwa wengi. Mtu angetegemea nyumba zigombaniwe. Kumbe utafiti wa serikali wa mwaka 2023 ulikuta nyumba milioni 9 hazina mtu, yaani karibu moja katika kila saba. Nyingi zimejengwa kwa ajili ya familia, na anayetafuta pa kuishi ni mtu mmoja. Tena nyingi ziko vijijini na kwenye miji midogo, na kazi ziko Tokyo.

Halafu ipo kodi. Huko, kiwanja kidogo chenye nyumba ya kuishi hukadiriwa kodi kwa moja ya sita tu ya thamani yake. Mrithi akibomoa nyumba ya marehemu mama yake, nafuu hiyo inaondoka. Basi anaiacha hivyohivyo: paa linabonyea, magugu yanavuka ua, majirani wanalalamika, na mwenye mali yuko mji mwingine akilipa kodi ndogo kwa raha zake. Nafuu hiyo ilianza miaka ya 1970, wakati nchi ilikuwa ikitafuta nyumba kwa udi na uvumba. Ni mwaka 2015 ndipo sheria ilipoziruhusu manispaa kuiondoa kwa nyumba zilizogeuka hatari. Kanuni iliyotungiwa nchi yenye vijana wengi iliendelea kufanya kazi katika nchi ya wazee, na hakuna aliyeigusa kwa miaka mingi.

Kosa la upande wa pili pia lipo. Baada ya Ujerumani kuungana, watu wengi walihama kutoka mashariki, na kufikia mwaka 2000 nyumba milioni moja hivi huko zilikuwa hazina watu. Kuanzia 2002 serikali ikagharimia ubomoaji. Siwalaumu, maana jengo tupu lina gharama zake: mabomba ya majitaka yaliyowekwa kwa watu wengi huanza kuziba watumiaji wakipungua, ikabidi yasukumwe kwa maji safi. Lakini angalia Leipzig, mji wa mashariki hukohuko. Mwaka 2000 ulikuwa na watu chini ya 500,000, leo umevuka 600,000, na wapangaji wanasumbuka kupata nyumba katika mji uliokuwa ukibomoa. Nyumba huishi zaidi ya makadirio yaliyoijenga, na pengine zaidi ya makadirio yaliyoibomoa.

Kinachosaidia kuliko vyote ni jedwali la umri, nalo ndilo lisilosomwa. Watakaotafuta nyumba yao ya kwanza miaka 20 ijayo wengi wao wamekwisha kuzaliwa, tunaweza kuwahesabu. Watakaoshindwa kupanda ngazi hadi ghorofa ya nne isiyo na lifti tunao tayari, na upana wa mlango wa bafu unaoruhusu kitimwendo huamuliwa siku ya kuchora ramani. Singapore angalau imelifikiria: tangu 2015, mwenye miaka 55 na zaidi anaweza kununua nyumba ndogo ya umma kwa umiliki wa miaka 15 hadi 45, badala ya kulipia miaka 99 asiyoihitaji. Nchi hiyohiyo, lakini, humtaka asiyeoa au kuolewa kusubiri hadi miaka 35 kabla ya kununua nyumba kama hiyo akiwa peke yake. Kwangu mimi hapo sera imeacha kuhesabu kaya zilizopo na imeanza kuchagua kaya inazozipenda.

Wapo watakaosema tujenge tu, zitajaa. Zitajaa zikiwa mahali penye kazi, zikiwa na vyumba vinavyolingana na wakaaji. Zisipokuwa hivyo, nyumba tupu na watu wasio na pa kuishi vitahesabiwa katika sensa moja.

Ombi langu kwa wizara zinazosimamia makazi, popote zilipo, ni dogo: kila mpango wa nyumba uambatane na makadirio ya kaya kwa ukubwa, kwa umri wa mkuu wa kaya na kwa wilaya, yakirekebishwa kila baada ya miaka mitano. Na kwako Mhariri, sensa ijayo ikitangazwa, naomba idadi ya kaya ichapwe kwa herufi kubwa sawa na idadi ya watu, ukurasa huohuo.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi