Mwanangu, rudia mkate kwanza

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Mombasa. Sisi hatujambo, babako anakusalimu, na paka wako kazaa tena ndani ya kabati la vyombo.

Nduguyo kaniambia umeacha mkate huko Leicester kwa sababu tumbo linakujaa gesi, na rafiki zako wamekushauri uachane na ngano. Mimi nakwambia urudie. Kula ngano kila siku, tena zaidi ya mlo mmoja, kwa wiki 6 angalau, halafu nenda kwa daktari akutoe damu. Kipimo cha siliaki, ugonjwa huu wangu wa utumbo, kinatafuta kingamwili ambazo mwili wa mgonjwa huzitengeneza anapokula gluteni, yaani ile protini ya ngano. Ukishaacha, zinapungua, na kipimo kinaweza kusema huna kitu ilhali unacho.

Mwambie daktari waziwazi kwamba mamako anao ugonjwa huo. Kwa watu wa kawaida ni kama mtu 1 katika 100, lakini mzazi, mtoto au ndugu wa mgonjwa ni karibu 1 katika 10. Mwombe apime pia jumla ya IgA yako, aina mojawapo ya kingamwili, maana ikiwa ndogo kipimo kile cha kwanza hudanganya. Huenda wakakupitishia kamera mdomoni hadi utumbo mwembamba wachukue vipande vidogo. Nilifanyiwa mimi, koo liliniwasha, jioni nikanywa uji wangu.

Wala usingoje tumbo likutese ndipo uamini. Langu halikunisumbua sana. Shida yangu ilikuwa damu: miaka nenda miaka rudi vidonge vya madini ya chuma, dawa za minyoo, mara naambiwa ni vidonda vya tumbo, na ngazi za kwa shangazi yako nazipanda kwa vituo. Vidonda vya mdomo, ganzi ya vidole, yote tukasema ni umri. Kumbe gluteni ilikuwa inaichochea kinga ya mwili iushambulie utumbo wenyewe, vile vinyama vidogo vinavyofyonza chakula vikalala bapa, na chuma nikimeza kinapita tu. Kalsiamu hali kadhalika, ndiyo maana mifupa yangu ilipopigwa picha ilikutwa imeanza kuwa dhaifu. Wengine hutokwa na vipele vya kuwasha viwikoni na magotini, wengine mimba hazikai, na watoto hudumaa. Saratani ya utumbo ipo, lakini ni adimu, na mwenye kushika mlo hatari yake hupungua. Usikeshe kwenye simu ukiisoma hiyo. Nakujua.

Yawezekana vipimo vyote vikatoka safi na mkate bado ukakusumbua. Wapo watu wa hivyo: tumbo hujaa, kichwa huuma, akili inakuwa nzito, ila utumbo hauharibiki. Hali hiyo haina kipimo chake; madaktari huhakikisha kwanza kwamba si siliaki wala mzio wa ngano. Mtu huyo anaweza kujipunguzia kadiri mwili wake unavyotaka. Sisi wa siliaki hata makombo hatuna ruhusa, ndiyo maana nataka tujue wewe ni yupi.

Mjombako bado anasema ni ugonjwa wa Wazungu. Mwambie watoto wa Sahara Magharibi walipopimwa miaka ya 1990, zaidi ya 5 katika kila 100 walikutwa nao.

Kwangu sasa kibao cha chapati ni cha babako peke yake, na mafuta yaliyokaangiwa mahamri sikaangii viazi vyangu. Kinachonichosha ni mashine ya kusagia. Mtama wenyewe hauna gluteni, lakini ukimfuata aliyesagisha ngano, unga wa kwanza kutoka ni wake na wako. Nimeelewana na kijana wa pale, naenda alfajiri kabla hajamwagia mtu, naye akiniona tu anapiga brashi mdomo wa mashine. Watu foleni wananuna.

Ukija Ramadhani, vibibi na mkate wa sinia vipo, vyote vya mchele mtupu. Kaimati sikupikii mpaka nione majibu. Nitumie picha ya karatasi yenyewe, usinisomee kwa simu, maana wewe ukisoma unaruka namba.

Mamako