Kiwanda cha madini adimu ya Ngualla tuanze na watu wa kukiendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Kila nikisikia watu wanaongelea madini adimu ya Ngualla huku kwetu Songwe hoja ni ile ile, kiwanda cha kuyatenganisha hayo madini kijengwe hapa hapa, tusirudie yale ya makinikia ya dhahabu ya 2017, ule mchanga wenye madini uliokuwa unapelekwa nje bila kusafishwa. Hata mi roho yangu inataka hivyo. Ila wengi tunakiongelea hicho kiwanda kama mashine ya kusaga mahindi, yani unafunga mota, unamwaga mahindi, unakinga unga. Haiko hivyo kabisa na naomba nieleze kwa nini, maana nimefanya miaka saba kwenye kiwanda cha shaba kule Kolwezi, Kongo, na kazi yangu ilikuwa kwenye matanki yenyewe.

Kwenye shaba unakuwa na tanki lenye panga linalokoroga na tanki refu la kutulizia. Maji yenye madini yanakorogwa pamoja na mafuta ya jamii ya mafuta ya taa yaliyotiwa dawa, ile dawa inaishika shaba inapanda nayo kwenye mafuta, vikitulia mafuta yanabaki juu na maji yanabaki chini, unayapeleka mafuta kwenye asidi kali yanaitema shaba, basi. Hatua mbili tatu zinatosha kwa sababu shaba na chuma hazifanani, dawa inajua kabisa ishike nini iache nini.

Madini adimu yako 17 na karibu yote ni kama pacha. Kwenye maji yanajibeba karibu sawa, tofauti kubwa ni ukubwa wa atomu tu, kadiri unavyosogea kwenye mstari wao zinasinyaa kidogo kidogo, na dawa wanayotumia, mojawapo inaitwa P507, inazipenda kidogo tu zaidi zile zilizosinyaa. Kidogo tu! Hatua moja inakupa unafuu mdogo sana kwa hiyo unarudia, unarudia tena, mpaka kiwanda kizima kinakuwa na mamia ya matanki yamepangwa mstari, mafuta yanaenda huku maji yanakuja huku. Ukiwasha leo husubiri kesho upate mzigo, unasubiri wiki nyingi au miezi mpaka mstari mzima utulie, na mtu mmoja akikosea asidi au kasi ya pampu mzigo unatoka mchafu na mnaanza kusubiri upya. Na hapo sijasema ya mwanzo, kuchoma makinikia kwa asidi ya salfuriki, kuyayeyusha, kutoa seriamu, mojawapo ya hayo 17, ambayo kwenye mawe ya aina ya Ngualla ni karibu nusu ya madini adimu yote na bei yake ni ndogo, wala ya mwisho, kuyagandisha kwa asidi ya oksaliki na kuyachoma yawe unga. Kinacholipa hasa ni neodimiamu na praseodimiamu za kutengenezea sumaku za mota za magari ya umeme, na hizo mbili mara nyingi wanaziacha pamoja bila kuzitenganisha kwa sababu sumaku inazikubali zote.

Sasa China ilifikaje hapo ilipo, kwamba karibu asilimia 90 ya usafishaji wa dunia uko kwao? Wengi wanasema mawe, wengine wanasema bei rahisi na mazingira kuharibiwa, na kweli ziwa la mabaki la Baotou, mji wao wa madini adimu, ni aibu. Ila mtu wa kwanza wa kutajwa ni mwalimu, Xu Guangxian wa Chuo Kikuu cha Peking. Alisomea Marekani akarudi kwao 1951, na miaka ya 1970 akakalia tatizo la kutenganisha hizo hizo neodimiamu na praseodimiamu mpaka akapata hesabu ya kupanga hatua zote kwa kalamu kabla hata ya kujenga tanki, afu akawafundisha wahandisi wa viwanda nchi nzima. Hiyo hesabu ndo utajiri wenyewe. Ndo maana mwaka 2023 serikali yao ikatangaza marufuku ya kupeleka nje teknolojia ya kutenganisha. Mawe hawakuyazuia mwaka ule, walizuia ujuzi.

Na sisi? Mwaka 2023 serikali ilisaini makubaliano ya Ngualla na kampuni ya Peak ya Australia, nchi ina hisa 16 kwa mia, na mwaka 2025 kampuni ya Shenghe ya China ikakubaliana kuinunua hiyo Peak. Mpango ni kuchimba, kupata makinikia na kuyasafirisha. Hasira ya watu naielewa kabisa lakini hasira haiendeshi pampu.

Kule Kolwezi tulikuwa tunaosha matanki, tunatoa uchafu, tunabeba sampuli, ila namba za kuseti zilikuwa kwenye kompyuta ya wageni na tukiuliza kwa nini asidi imepandishwa leo tulikuwa hatujibiwi. Mwenzangu mmoja wa pale alizoea kusema, "Bale ni batu ba komputa, siye ni batu ba pompe." Miaka saba. Sitaki kijana wa Ngwala, kijiji cha jirani na mgodi, aje kusema maneno hayo akiwa kwenye ardhi ya babu yake.

Kwa hiyo ninachoomba ni hiki, kabla ya kubishana kiwanda kiwe wapi, kwenye mazungumzo na mwenye mgodi iwekwe nafasi ya vijana wetu kukaa ndani ya viwanda vya kutenganisha kwa miaka, kwenye chumba cha udhibiti na maabara, sio ziara ya wiki mbili ya kupiga picha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya wapewe mtambo mdogo wa kujifunzia. Afu tupande ngazi moja moja, kama Lynas ya Australia ambao 2024 walifungua kiwanda Kalgoorlie kinachofanya hatua za mwanzo tu, mzigo unaenda Malaysia kumaliziwa. Salfa ya kutengenezea asidi si inapita kila siku hapa Vwawa kwenye malori kwenda Tunduma na Kongo? Barabara ipo, kinachokosekana ni mikono inayojua.

Na mabaki tusiyasahau. Kule Bukit Merah, Malaysia, kiwanda kilianza 1982, wananchi wakaenda mahakamani kwa sababu ya thoriamu yenye mionzi kwenye mabaki, kikafungwa 1994 na kusafisha kukachukua miaka mingi. Mawe ya Ngualla yanasemekana yana thoriamu kidogo, sawa, ila anayepima awe mtu wetu mwenye kipimo chake.

Mi nimeshastaafu. Chuo chochote kikitaka mtu wa kuwaonyesha vijana jinsi mafuta na maji vinavyogawana madini, hata kwa ndoo mbili na mota ya feni, nitakuja kwa nauli yangu.

Fundi mstaafu,
Vwawa, Songwe