Kabla ya kununua jukiboksi ya zamani, soma kibati chake

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze wasomaji wenzangu wa Lubumbashi jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimekwisha kutoa fedha. Baadhi yetu tuliorithi santuri za wazazi tunatamani kuwa na jukiboksi nyumbani, ile mashine ya nyimbo iliyokuwa ikitiwa sarafu katika baa, na wapo wafanyabiashara wanaozileta kutoka Marekani kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa. Ni tamaa nzuri, wala simzuii mtu. Ninachoomba ni kwamba mnunuzi, kabla hajavutiwa na taa na vioo, ainame nyuma ya mashine asome kibati cha kiwanda.

Yangu ni Rock-Ola ya miaka ya 1960, yenye santuri 80 zinazopigwa pande zote mbili, yaani nyimbo 160. (Wengi hudhani jina hilo limetokana na muziki wa roki, kumbe ni la mwanzilishi wa kampuni, David Rockola wa Chicago.) Kibati chake kinasema volti 117, hezi 60 (hezi ni idadi ya mara ambazo mkondo wa umeme huenda na kurudi kwa sekunde moja). Muuzaji aliniambia kwamba transfoma ingemaliza kila kitu, nami nikamwamini. Jioni ya kwanza tulikusanyika sebuleni, mama yangu akiwa kwenye kiti chake, nikachagua santuri ya OK Jazz, bendi ya Franco, ambayo marehemu baba aliinunua akiwa kijana. Taa ziliwaka, mkono wa chuma ukaitoa santuri mahali pake ukailaza taratibu, kisha sauti ya Franco ikatoka nzito, ikijiburuta kama ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane. Mama akasikiliza kidogo, akasema, "Huyu si Franco, mwanangu."

Mama alikuwa na haki. Transfoma hushusha volti kutoka 220, lakini haigusi hezi hata kidogo. Umeme wetu ni wa hezi 50, na mota ya mashine kama hii huzunguka kwa kuzifuata hezi hizo, kwa hiyo santuri iliyopaswa kuzunguka mara 45 kwa dakika huzunguka mara 37 na nusu tu. Wimbo wa dakika 3 unachukua dakika 3 na sekunde 36, na kila sauti, ya gitaa na ya mwimbaji, inashuka. Isitoshe, transfoma ya ndani ya mashine, ambayo iliundwa kwa hezi 60, hupata joto zaidi ikilishwa hezi 50, na mtu asiyejua huja kuligundua hilo kwa harufu.

Aliyeniokoa ni fundi mkereza vyuma, mzee aliyezoea vipuri vya mashine za migodini. Katika Rock-Ola yangu, mhimili wa mota husukuma gurudumu dogo la mpira, nalo gurudumu hilo ndilo linalozungusha sahani inayobeba santuri. Mzee aliupima mhimili mara tatu, akakereza kikopo cha shaba nyeupe cha kuuvika, ili unene wake uongezeke kwa sehemu moja ya tano, kwa kuwa 60 ni 50 na sehemu yake moja ya tano. Kazi ilikuwa ya asubuhi moja, lakini kikopo kikiwa na kasoro ndogo tu sauti huyumba, na cha kwanza alikitupa mwenyewe bila kuniuliza.

Kwa hiyo, mwenye nafasi ya kuchagua aulizie kwanza mashine zilizotengenezwa Ujerumani kwa umeme wa Ulaya, kama za NSM au Deutsche Wurlitzer, kwa sababu hezi zao ni hizi zetu. Ajihadhari pia na umbo. Wurlitzer 1015, ile yenye tao la rangi na mapovu yanayopanda, iliundwa kuanzia 1946 na hupiga santuri 24 za mizunguko 78 tu, kwa hiyo santuri za mizunguko 45 za wazazi wetu haziifai. Deutsche Wurlitzer ilitoa mashine inayofanana nayo mwaka 1986, na si haki kumtoza mtu bei ya ile ya kwanza kwa hii ya pili. Tena, santuri zenye tundu dogo katikati hazikai katika mashine nyingi za mizunguko 45, ambazo zinataka tundu la milimita 38.

Kuhusu usalama nitasema machache, ingawa ndilo kubwa kwa wenye watoto. Waya wa zamani hupasuka ngozi, kapasita (vifaa vidogo vya ndani vinavyohifadhi umeme) hukauka, na plagi nyingi za Marekani za wakati ule hazina waya wa ardhi, ilhali sehemu nyingi za mashine ni za chuma. Usiiwashe kabla fundi hajaifungua.

Bwana Mhariri, ninyi huchapisha matangazo ya vitu vya kuuza. Nawasihi msipokee tangazo la jukiboksi lisilotaja volti, hezi na mizunguko ya santuri inazopiga. Ni maneno matatu tu katika tangazo, na muuzaji anayasoma kwenye kibati na ndani ya mashine yake.

Mwalimu mstaafu,
Katuba, Lubumbashi