Barua ya wazi kwa viongozi wapya wa matawi: geti la kiwanda si letu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mliochaguliwa majuzi kuongoza matawi ya chama chetu cha wafanyakazi katika viwanda vya Barabara ya Nyerere, Chang'ombe, Vingunguti na Mbagala. Habari za wiki mbili zilizopita zimenifikia. Vijana wetu walisukuma geti saa nne asubuhi wakaingia hadi kwenye mitambo, na kazi ikasimama karibu saa nzima. Picha zimezunguka kwenye simu na wengi wamewapongeza. Mimi nimeshindwa kupongeza.

Makuli wa bandari yetu waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1947 hadi mgomo ukasambaa nje ya Dar es Salaam, na hawakuwa na kifungu chochote cha kuwafungulia geti. Ninyi mnacho. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, namba 6 ya mwaka 2004, kinampa mwakilishi aliyeidhinishwa wa chama kilichosajiliwa haki ya kuingia kwa mwajiri ili aandikishe wanachama, azungumze nao na afanye nao mikutano. Mwajiri hatoi hisani hapo. Lakini someni mpaka mwisho wa kifungu, maana wengi wenu mnaishia juu. Haki hiyo inaweza kuwekewa masharti ya muda na mahali, ilimradi yawe ya busara na ya lazima kwa kulinda uhai na mali au kuzuia kazi isivurugike.

Mwaka 2011 nilikuwa ofisa wa chama, na moja ya matawi yangu lilikuwa kiwanda cha plastiki. Makubaliano yetu na mwajiri yalisema tukutane na wanachama kantini, saa ya chakula cha mchana. Siku moja nikapata habari kwamba kina mama wa kufungasha wananyimwa likizo ya uzazi. Nilipandwa na hasira. Nikaingia saa tatu asubuhi, nikapita kantini bila kusimama, nikaenda moja kwa moja kwenye mashine na kuanza kuhutubia. Watu waliacha kazi wakanisikiliza. Plastiki ikagandia ndani ya mashine mbili, na mafundi walihangaika siku mbili kuitoa. Namshukuru Mungu hakuna aliyekatwa kidole.

Mwajiri hakupiga kelele. Alichukua daftari la getini lenye saini yangu na saa niliyoingia, akaenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Pale tungeweza kuyamaliza, lakini nilikataa kukiri kosa. Usuluhishi ukashindikana, shauri likaenda Mahakama ya Kazi, na chama kikasimamishiwa haki ya kuingia kiwandani kwa miezi sita.

Mwezi wa nne wa adhabu, kina mama kumi na mmoja waliitwa kwenye vikao vya nidhamu. Tawi lilikuwa changa, na wawakilishi waliokuwa ndani hawajawahi kukaa kwenye kikao cha aina hiyo. Nilishinda chini ya mwembe ng'ambo ya barabara, nikiwajibu maswali yao kwa meseji. Wote kumi na mmoja walifukuzwa. Mmoja alipotoka na mfuko wake aliniuliza, "Baba, mbona hukuingia?" Swali hilo naishi nalo hadi leo. Haki ya kuingia ilikuwa yake yeye, asiyeweza kuiacha mashine akanifuata ofisini, nami niliitumia kwa hasira zangu.

Hiyo ndiyo kazi ya kifungu cha 65. Chama kikivunja kwa uzito masharti ya haki zake mahali pa kazi, mwajiri anaanza na usuluhishi, kisha anakwenda mahakamani. Mahakama inaweza kukiamuru chama kijirekebishe, kukisimamishia haki kwa muda, au kuzifuta. Mkimfungia mwajiri ndani au mkimzuia asiingie, mmegusa kifungu cha 76, kinachokataza hayo hata mgomo ukiwa halali. Na kazi ikisimama kwa mgomo usiofuata utaratibu, mahakama inaweza kuamuru mwajiri afidiwe hasara. Fidia hiyo italipwa kwa ada za wanachama, hela ya mama anayeuza vitumbua jioni ili mshahara ufike mwisho wa mwezi.

Wenzetu wa Australia wamebanwa zaidi. Kwa sheria yao ya mwaka 2009, ofisa wa chama sharti awe na kibali, na kwa kawaida atoe taarifa ya maandishi angalau saa 24 kabla ya kuingia. Mwaka 2018 mahakama yao ya juu kabisa, katika kesi ya kiongozi aliyeongoza watu kuziba njia ya kuingilia eneo la ujenzi, iliamua kwamba kiongozi anaweza kuamriwa alipe faini kutoka mfukoni mwake, chama kisimrudishie.

Najua mtaniambia, "Mzee, walinzi wanatuzuia hata tukiwa na barua." Ni kweli, na inauma. Basi andikeni tarehe, saa na maneno mliyoambiwa. Pelekeni taarifa kwa fomu iliyowekwa. Kifungu cha 64 kinampa mwajiri siku 30 akutane nanyi mwafikiane. Asipofanya hivyo, ninyi ndio wa kwenda Tume, na yeye ndiye atakayejieleza.

Kwa mliosukuma lile geti: mwandikieni mwajiri wiki hii, kabla hajafika Tume. Kirini mlipokosea, mkaombe kikao juu ya madai yenu, ambayo ni ya haki kabisa. Mkitaka, njooni kwangu Temeke Jumamosi baada ya adhuhuri na nakala ya makubaliano yenu, tuiandike barua hiyo pamoja.

Mzee wenu,
mstaafu wa chama, Temeke