Barua ya wazi kwa vijana wa Kigoma mnaouhukumu wimbo kabla haujaisha

Wanangu na wajukuu zangu wa Mwanga, Gungu, Katubuka, Kibirizi na Ujiji, nawasalimu.

Nawaandikia ninyi mnaojiita wachambuzi wa muziki: mlioko vijiweni, mlioko kwenye magrupu ya WhatsApp, na ninyi wachache mliopewa kipaza sauti redioni. Kuna jambo limenikaa kooni tangu dada yenu alipoachia wimbo wake mpya, na nimeona nikinyamaza nitakuwa nimekubaliana nanyi.

Jina lake silitaji, mnamjua. Ni binti wa hapa hapa. Alianzia kwaya, akaenda Dar es Salaam, akapata jina, nyimbo zake zikapigwa kwenye harusi kuanzia mjini hapa mpaka Kasulu na Kibondo. Halafu akanyamaza. Akaolewa, akazaa, akamuuguza mama yake mpaka akamzika. Sasa amerudi na kibao kimoja. Kilitoka saa sita usiku, kama ilivyo desturi yenu ya siku hizi, na kabla ya adhana ya alfajiri hukumu ilikuwa imeshapita. Amechuja. Amefulia. Si angebaki tu kulea watoto? Mmoja akamsomea methali ya ng'ombe aliyevunjika mguu, mkamshangilia.

Asubuhi hiyo nilikuwa kijiwe cha bodaboda karibu na soko la Mwanga. Kijana mmoja aliufungua wimbo kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, spika inakoroma. Gitaa la mwanzo likapita wenzake wakibishana mambo ya Simba na Yanga. Ubeti wa kwanza ulipoanza akausogeza mbele kwa kidole gumba. Akafika kwenye kiitikio, akakisikia nusu, akasogeza tena. Kisha akateremka chini kuangalia watazamaji wamefika wangapi, akasonya, akasema, "Hamna kitu hapa." Wote wakaitikia. Akaitia simu mfukoni wimbo ukiwa bado unaimba, akawasha pikipiki, akaondoka na abiria.

Wanangu, hapo nani amesikia nini?

Mimi nilipiga gitaa la besi enzi za bendi, na wenzangu waliobaki mjini hapa wanalijua hilo. Niwaeleze wimbo ulivyokuwa unahukumiwa, maana naona mnadhani uhakiki umekuja na intaneti. Wimbo mpya tuliupiga kwanza ukumbini, Jumamosi, mbele ya watu waliolipa kiingilio. Tulitazama miguu. Watu wakibaki vitini, mazoezi ya wiki inayofuata yanakuwa ya ugomvi: solo imeingia mapema, ubeti wa pili ni mrefu, tumba zimekimbia. Tunaurekebisha, tunaupiga tena. Nakumbuka mvuvi mmoja wa Kibirizi, mtu mzima, hakuwahi kushika ala yoyote maishani mwake. Wakati wa mapumziko alikuja jukwaani akamwambia mwimbaji wetu, "Pale unapotaja barua, hilo neno halisikiki. Tarumbeta inalifunika." Tukarudi kwenye mazoezi, tukaisogeza tarumbeta. Ilikuwa kweli. Yule mzee alikuwa mhakiki kuliko wengi ninaowasikia leo, kwa sababu alitega sikio mpaka akajua kasoro iko wapi, na akaisema mahali ilipo.

Wimbo ukishaiva ndipo unapelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na huko ulikutana na kamati iliyoyapima mashairi kabla hujaruhusiwa kurekodi. Siililii ile kamati. Ilikuwa na ukali wake, na nyimbo nzuri ziliangushwa kwa sababu zisizohusu muziki. Lakini angalau ilisoma mashairi yote. Ndiyo njia waliyopita wakubwa wetu. Shem Karenga, mtoto wa Kigoma, alianzia bendi ya Lake Tanganyika Jazz hapa hapa, akahamia Tabora Jazz, akatuachia "Dada Asha". Alifariki mwaka 2014, na wimbo ule bado unainua watu vitini. Ungekuwa umepimwa kwa kidole gumba kinachosogeza mbele, usingefika popote, kwa sababu utamu wake unakuja taratibu, gitaa likishaanza kuzungumza na sauti.

Sasa turudi kwa dada yenu. Mimi wimbo wake nimeusikiliza kwenye spika kubwa, milango imefungwa, mpaka mwisho, na nimeurudia. Nitawaambia nilichosikia.

Sauti yake imeshuka. Ninyi mmeita hiyo kuisha. Mwimbaji wa miaka ishirini na mama wa watoto hawaimbi kutokea mahali pamoja kifuani. Mwimbaji asiyejitambua angelazimisha zile sauti za juu za zamani na kuiachia kompyuta imsaidie kudanganya. Yeye ameushusha wimbo mzima. Anaanza chini kabisa, karibu na mtu anayeongea, na anapofika kwenye neno "nimerudi", pale ambapo kila mtu anategemea apande, anateremka zaidi. Linatoka kama siri. Nilipolisikia nilisimama. Hiyo ni akili ya mwimbaji aliyekaa kimya muda mrefu akiisikiliza sauti yake inavyobadilika. Msikilizeni tena pale. Halafu sikilizeni gitaa la mwanzo, lile mliloliacha lipite mkibishana mpira: linapiga kwa namna ya bendi za huku magharibi, na kila anapomaliza mstari linamjibu.

Na sisemi msimkosoe. Wimbo una kasoro, na mimi nazitaja. Ubeti wa pili prodyuza ameingiza ngoma za amapiano, mtindo wa Afrika Kusini, zinazomeza kila kitu, wakati wimbo haukuziomba. Ubeti wa tatu unarudia maneno ya ule wa kwanza, wazi kabisa kwamba kalamu ilichoka au studio ilikuwa inadai saa zake. Kuna mistari ya Kiha mwishoni, mizuri mno, imezikwa chini ya vyombo mpaka mtu asiyekuwa Muha atadhani ni vokali tu za kupamba. Kwangu mimi nusu ya kwanza imepikwa ikaiva, nusu ya pili imepakuliwa mbichi. Huko ndiko kukosoa. Mwimbaji akikusikia ukisema hivyo atauma midomo, lakini wimbo ujao atakukumbuka. Ukimwambia "amechuja" atafanyia nini kazi hilo neno?

Mnazungumzia umri kama kwamba ni ugonjwa. Mwaka 1984 huko Marekani, Tina Turner alikuwa na miaka 44. Alikuwa ameachana na mumewe Ike Turner tangu 1976, ameimba miaka kwenye kumbi ndogo, na wenye makampuni ya rekodi walishamhesabu mtu wa zamani. Akaletewa wimbo uitwao "What's Love Got to Do with It", ambao yeye mwenyewe mwanzoni hakuupenda. Akauimba kwa kujizuia, sauti yake ya mikwaruzo ikiwa chini, bila zile kelele alizojulikana nazo. Ukashika namba moja kwenye chati za Marekani, mara yake ya kwanza kufika hapo, na mwaka uliofuata ukachukua Grammy ya rekodi ya mwaka. Huyo alikuwa mama mtu mzima. Hapa kwetu Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 akiwa ajuza, na sauti yake ilikuwa kavu, imekwaruzika, na watu walivuka bahari kwenda kuisikiliza.

Kama mnataka mfano wa karibu na rika lenu, yupo Alikiba, ambaye asili yake ni huku kwetu. Baada ya ukimya wa kama miaka mitatu alirudi mwaka 2014 na "Mwana", na walikuwepo mitaani waliosema gemu limeshamwacha. Wimbo ule hauna papara. Unamsimulia binti aliyeacha nyumbani akafuata mji. Mwaka uliofuata akabeba tuzo za Kilimanjaro mkononi, zaidi ya moja. Wale waliosema gemu limemwacha sijawahi kusikia hata mmoja akirudi kusema alikosea kusikia.

Na hapo naomba nitoe dukuduku. Alikiba alipokaa kimya akarudi, mlimwita mfalme. Mwanaume akikaa hata miaka kumi mnamwita mkongwe, legendi, mnamwachia kiti. Mwanamke akirudi mnatazama kiuno. Nilisikiliza mahojiano aliyofanyiwa dada yenu kwenye redio moja. Aliulizwa mume yuko wapi. Aliulizwa mbona amenenepa. Aliulizwa ana bifu na nani. Aliulizwa kama kurudi kwake ni kiki. Alijibu kwa upole uliovuka kiwango. Wimbo ukaja kuchezwa mwishoni kabisa, mtangazaji akazungumza juu ya kiitikio chote, kisha ukakatwa kupisha tangazo. Kipindi kizima hakuna aliyemuuliza mashairi ameandika nani, gitaa kapiga nani, wala kwa nini ameamua kuimba chini. Wewe mtangazaji, mwanangu, unajijua. Ulialikwa mezani ukala sahani ukaacha wali.

Tena lawama hii haiwahusu ninyi peke yenu. Sisi wazazi tuliwaita watoto wetu wahuni walipobeba gitaa, na wakishapata jina tunawasimulia majirani kwamba kipaji kimetoka upande wetu. Mkoa huu umetoa wanamuziki mpaka nchi nzima inashangaa. Mwaka 2012 wenye asili ya Kigoma walikusanyika wakaimba pamoja "Leka Dutigite" kwa jina la Kigoma All Stars, na mji huu ulijisikia. Lakini kijana wa leo anayetaka kusikia bendi ikipiga ala laivu, aone vidole vinavyotembea kwenye nyuzi, atatafuta mpaka achoke. Magazeti yana kurasa za burudani zinazotuambia nani kaachana na nani. Shuleni muziki ni kwaya ya kumpokea mgeni rasmi. Mtoto asiyefundishwa kusikiliza atahukumu kwa macho, atahesabu watazamaji, maana hicho ndicho anachokiona kwenye simu. Kwa hilo siwezi kuwatupia ninyi mzigo wote.

Mengine nayasema kwa ufupi, maana hayahitaji hadithi. Idadi ya watazamaji inakueleza watu wangapi wamefungua mlango, haikuelezi kama walikaa. Mtajeni prodyuza na wapiga vyombo kwa majina. Mambo ya Timu Kiba na Timu Diamond, ushindani wa mashabiki wa Alikiba na Diamond Platnumz, yaacheni nje mnapomsikiliza mtu wa tatu asiyehusika. Usiyeelewa Kiha chake, muulize bibi yako. Ukipewa hela ya kusifia au ya kuponda, sema hadharani kwamba umelipwa. Watoto wa mtu na marehemu mama yake hawamo ndani ya wimbo, msiwaguse.

Nawasemeza kwa ukali kwa sababu nawapenda, na kwa sababu najua mnaweza. Wengi wenu mna masikio makali kuliko yangu. Namjua kijana wa Gungu anayeweza kukuambia biti imetengenezwa na nani kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Yupo binti wa Ujiji, mwanafunzi wa sekondari, aliyenieleza mizani za shairi moja la taarabu kwa ufasaha ambao sikuutegemea kwa umri wake. Mtu wa namna hiyo akiandika aya tatu kuhusu wimbo, mwimbaji atazisoma na prodyuza atazisoma. Lakini yule binti haandiki, kwa sababu akiandika mnamjaza komenti za matusi. Mwacheni aandike. Bando mnalotumia kumtukana mtu lingetosha kuusikiliza wimbo wake mpaka mwisho na kubaki.

Na wewe binti yangu uliyeimba, kama barua hii itakufikia: usizirudie zile sauti za juu kwa ajili ya kuwaridhisha watu. Kaa hapo chini ulipokaa. Kazi ijayo mwambie prodyuza apunguze ngoma, na ile mistari ya Kiha uitoe kaburini uiweke mbele, isikike mpaka Buhigwe.

Jumapili baada ya swala ya alasiri nitakuwa barazani kwangu Ujiji. Spika ipo, umeme ukikatika tutatumia betri ya gari. Tutaupiga wimbo huu kuanzia gitaa la kwanza mpaka sauti ya mwisho, hakuna kusogeza mbele, hakuna simu mkononi, kisha kila mmoja atasema alichosikia na ni wapi alipokisikia. Mimi nimeshasema ubeti wa tatu umechoka na ngoma za amapiano zimeharibu ule wa pili. Anayeona sivyo aje na sababu zake, nitamsikiliza mpaka amalize.

Mzee wenu,
Ujiji, Kigoma