Panya wa maabara na habari za tiba ya kifafa

Mhariri,

Mwezi uliopita wifi yangu alipita katika maduka ya dawa ya Mwembe Tayari, moja baada ya jingine, akiwa na kipande cha gazeti mkononi. Kichwa cha habari kilitangaza kwamba tiba ya kifafa imepatikana, na aya ya mwisho ndiyo iliyotaja kwamba waliopata nafuu ni panya waliobadilishwa jeni. Mwanawe ana umri wa miaka sita na amekuwa akianguka tangu utotoni. "Wifi, mbona wote wananiambia hawana, na gazeti limeandika?" aliniuliza jioni ile. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na niliona haya kwamba sikuwa na jibu la haraka la kumpa.

Jibu lenyewe linaanzia mbali kidogo. Ndani ya seli za ubongo mna maelfu ya aina za protini, zote zikifanya kazi kwa pamoja, na kwa hiyo ni vigumu kujua mchango wa mojawapo kwa kuitazama tu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wanasayansi wameweza kuiharibu kwa makusudi jeni moja ya panya, ile inayoagiza kuundwa kwa protini wanayoitafiti, kisha wakachunguza ni kitu gani kinachokwenda mrama. Jeni hubadilishwa katika seli shina za kiinitete (mimba changa kabisa), yaani seli ambazo bado zinaweza kugeuka kuwa za aina yoyote, seli hizo hutiwa katika kiinitete cha panya mwingine, na watoto wanaozaliwa, ambao mara nyingi huwa na manyoya ya mabaka ya rangi mbili, huzalishwa hadi wapatikane panya wanaolibeba badiliko hilo mwili mzima. Kwa kazi hiyo Mario Capecchi, Martin Evans na Oliver Smithies walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2007.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa ugonjwa wa Dravet, aina ya kifafa iliyo nadra, ambayo kwa kawaida huanza kabla mtoto hajatimiza mwaka mmoja na mara nyingi huchochewa na homa. Mama akikusimulia ulivyoanza, utadhani anaeleza kile ambacho wazee wetu wa Pwani hukiita nyuni au degedege. (Naharakisha kusema kwamba watoto wengi wanaopata degedege hawana ugonjwa huu, na kwamba kifafa kina visababu vingi, vikiwemo malaria iliyopanda kichwani na madhara yanayompata mtoto wakati wa kuzaliwa.) Mwaka 2001 iligunduliwa kwamba watoto wengi wenye Dravet wana kasoro katika jeni iitwayo SCN1A. Jeni hiyo huagiza kuundwa kwa protini iliyo mfano wa mlango katika utando wa seli ya neva: mlango ukifunguka, sodiamu huingia, na seli hutoa ishara yake ya umeme. Hapo ndipo palipokuwa na fumbo, kwa sababu mlango ulioharibika ungetarajiwa kupunguza ishara, ilhali ubongo wa mtoto anayeanguka umejaa ishara kupita kiasi.

Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, walieleza walichokiona kwa panya walioondolewa jeni hiyo. Panya waliokosa nakala zote mbili za jeni hiyo, ya baba na ya mama, walikufa wakiwa na umri wa takriban wiki mbili. Waliobaki na nakala moja walipatwa na kifafa, kama watoto wanavyopatwa. Seli za ubongo wao zilipopimwa, zile zinazochochea nyingine zilikuwa karibu salama, ila zile ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine zilikuwa zimepoteza sehemu kubwa ya mkondo wa sodiamu. Ubongo ulikuwa kama gari lililokatika breki kwenye mteremko. Ikaeleweka basi kwa nini kabamazepini, dawa inayowafaa wagonjwa wengi wa kifafa na ambayo hufanya kazi kwa kuiziba milango hiyohiyo ya sodiamu, inaweza kumzidishia hali mtoto mwenye Dravet. Kwa daktari anayemtibu mtoto kama huyo, kujua dawa ya kuepuka ni jambo kubwa, hata kama tiba kamili haijafikiwa.

Hata hivyo, si kila kinachomfaa panya humfaa binadamu. Panya walioharibiwa jeni ya FMR1, ambayo kasoro yake huleta ulemavu wa akili kwa watoto, walipatikana mwaka 1994, na zikaja dawa zilizopunguza dalili zao vizuri. Lakini dawa hizo zilipojaribiwa kwa wagonjwa wengi, manufaa yaliyotarajiwa hayakuonekana. Wazazi waliokuwa wakizingoja walivunjika moyo. Nami nasikitika pia kwa ajili ya panya wenyewe, maana huumwa na hufa katika kazi hii, na naona ni haki yao kwamba walichotufundisha kisimuliwe kama kilivyo.

Kwa hiyo, Mhariri, naomba neno "panya" liwekwe katika kichwa cha habari kila mara utafiti unapokuwa umefanywa kwa panya, na mwandishi aeleze ni protini gani iliyochunguzwa na iwapo kuna mgonjwa yeyote aliyekwisha kujaribiwa dawa hiyo. Kiswahili kinayatosha mambo haya. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu huyaeleza bila taabu.

Naomba pia habari hizo ziambatane na sentensi moja inayosema kwamba mgonjwa wa kifafa asiache dawa zake ghafla, kwani kuacha kunaweza kuleta mishtuko mikali isiyokoma. Wifi yangu alikuwa amekwisha kusimamisha vidonge vya mwanawe kwa siku mbili, akingoja dawa mpya aliyoisoma gazetini.

Mwalimu wa Biolojia,
Kisauni, Mombasa