Barua kwa mpwa wangu, meneja wa timu iliyopangwa na kigogo kwenye Kombe la Shirikisho la Tanzania

Mpwa wangu,

Nasikia droo imewatupa kwa kigogo wa Ligi Kuu, na kijiweni kwenu hadithi ni moja tu: Green Warriors, timu ya daraja la pili iliyoing'oa Simba pale Chamazi, Desemba 2017. Wengine wanakutajia Mashujaa ya Kigoma, iliyoifunga Simba 3-2 Desemba 2018 hata kabla haijapanda Ligi Kuu, kisha ikaitoa tena Aprili 2024. Yote ni kweli. Ila kati ya mechi hizo tatu, mbili ziliamuliwa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti baada ya sare. Mbinu za uwanjani zina mwenyewe, kocha. Wewe meneja kazi yako ni makaratasi na matuta.

Soma kanuni za msimu huu mwenyewe, usisimuliwe. Sare ikifika dakika ya 90, mnaongezewa dakika 30 au mnakwenda moja kwa moja kwenye penalti? Jibu la raundi za mwanzo si lazima liwe jibu la fainali, na kwa timu ya benchi fupi hiyo ni tofauti kubwa. Mwaka 2017 Mbao ilikwishaitoa Yanga nusu fainali, ikaibana Simba dakika 90 kule Dodoma, ikalala 2-1 kwenye muda wa nyongeza.

Hakiki leseni na kadi za kila mchezaji siku kadhaa kabla, na uulize kwa maandishi kama kadi za ligi yenu zinahesabiwa kwenye kombe. Kisha fomu ya kikosi: mchezaji wa akiba ambaye jina lake halikufika kwa mwamuzi kabla ya mpira kuanza hachezi, hata awe na leseni na jezi mkononi. Ukipewa jezi za akiba kwenye kikao cha kabla ya mechi, zibebe zote, ya kipa pia. Makipa hugongana rangi kuliko mnavyodhani.

Kuna mzee hapo klabuni anayedai mkifika fainali mnakwenda Afrika hata mkifungwa. Anaikumbuka 2020, Namungo ilipofungwa na Simba 2-1 Sumbawanga na bado ikaenda Kombe la Shirikisho Afrika, kwa kuwa Simba ilikuwa bingwa wa ligi pia. Mwaka 2022 Yanga ikachukua makombe yote mawili, Coastal Union ikafika fainali, lakini nafasi ikaenda kwa Geita Gold kutokana na msimamo wa ligi. Msipange bajeti kwa ndoto hiyo.

Sasa mabadiliko. Pale kanuni zinaporuhusu wachezaji watano, mnapewa vituo vitatu tu vya kuwaingiza, yaani mchezo unasimamishwa kwa ajili yenu mara tatu tu, mapumziko hayahesabiwi. Timu ndogo hupoteza hapa: beki kakamatwa misuli, anaingia mmoja, kiungo kachoka, anaingia mmoja, mwingine tena, mmoja. Vituo vimekwisha, wawili wamebaki benchi hawana njia. Ingizeni wawili wawili. Mpigaji wenu mzuri wa penalti akiwa benchi, aingie mapema apate mpira mguuni. Fainali ya Euro iliyochezwa 2021, Rashford na Sancho wa England waliingizwa mwishoni kabisa kwa ajili ya penalti, wote wawili wakakosa.

Tukija kwenye matuta yenyewe, shilingi hurushwa mara mbili: ya kwanza kwa ajili ya goli litakalotumika, ya pili kuamua nani aanze, na mshindi wa hiyo huchagua. Nahodha asiende pale akikuangalia wewe. Aende na jibu.

Wanaopiga ni waliokuwa mchezoni filimbi ya mwisho ilipolia, pamoja na aliyetoka kwa muda kutibiwa. Wapinzani wakiwa kumi kwa kadi nyekundu, nanyi mnapunguza mmoja. Hiyo ni zawadi ambayo mabenchi mengi hayaioni, maana mnamwondoa mpigaji mbovu kuliko wote. Sare ikiendelea baada ya tano tano, kila mmoja atapiga, kipa naye, kabla yeyote hajarudia. Kwa hiyo andika orodha ya kumi na moja, si ya watano. Wa sita na wa saba ndio huwa wanasukumana pale katikati.

Kipa wako ajue kwamba mpira unapopigwa, angalau sehemu ya mguu mmoja iwe imegusa mstari, iwe juu yake au nyuma yake. Akiuacha mstari mapema na kuokoa, mkwaju unarudiwa: mara ya kwanza anaonywa, mara ya pili kadi ya njano. Njano aliyopata ndani ya mechi haiingii kwenye matuta, asicheze kwa hofu hiyo. Wapigaji nao wanaruhusiwa kusitasita wakiwa wanakimbilia mpira, lakini aliyekwisha kufika akafanya mbwembwe, mkwaju unahesabiwa amekosa na njano juu. Mpira uliotemwa na kipa haufuatwi kupigwa tena.

Ile fainali ya 2022 Arusha, mshambuliaji Sopu aliifungia Coastal mabao yote matatu, ikaisha 3-3, wakalala kwa matuta 4-1. Mpeni kocha nusu saa ya mwisho ya kila mazoezi wiki hii: miguu iliyochoka, kutembea kutoka katikati ya uwanja, mkwaju mmoja kila mtu. Wewe simama na kalamu uandike upande wa kila mmoja.

Mjomba wako